Picha ya Kibirizi, Sehemu ya Saba: Mtoto Aliyefutwa Mgongoni

Kofi lilitua.

Lilitua shavuni kwa Asia mbele ya ukumbi mzima, na mlio wake ukasikika hadi kwa watu waliokuwa wamening'inia madirishani nje.

Wiki nzima mmenipigia simu, wasomaji wangu. Mmoja wa Rusimbi ameniandikia kwamba nikimwacha Asia apigwe hivihivi bila kujibu, yeye na gazeti hili basi. Ndugu yangu, tulia. Asia hakurudisha kofi. Hata shavu hakulishika. Macho yake yalikuwa ukutani, kwenye picha.

Na wewe uliyepanda safari yetu leo, shika haya. Boti ya abiria ya tajiri Gervasi, iliyoitwa Neema ya Ziwa, iliondoka mwaloni Kibirizi asubuhi ya sikukuu ikiwa imeshindilia watu kama magunia ya dagaa. Haikufika mbali. Ilizama kabla ya kufika kijiji cha Mwamgongo. Manusura wachache waliapa kwamba ndani ya boti ile hapakuwa na boya hata moja la kuvaa. Gervasi akaapa kwamba kila abiria alivaa boya, na kwamba kosa lote ni la nahodha wake, Eliakimu, aliyeendesha akiwa amelewa.

Eliakimu hakuwepo kujibu. Ilisemekana amekufa na abiria wake.

Asubuhi ile Asia, mwenye studio ya picha pale Ujiji, alikuwa Kibirizi akimpiga picha bibi harusi aliyekuwa akisindikizwa kwa mumewe. Boti ilipong'oa nanga, akageuza kamera akaifotoa. Wafiwa walipojua, walimlilia. Naye akawaapia: picha yangu itasema kweli mbele ya kamati ya uchunguzi.

Sasa picha ilikuwa imemulikwa ukutani, kubwa kama shuka. Na ndani yake kila abiria, mkubwa kwa mdogo, alikuwa amevaa boya la rangi ya chungwa. Pembeni chini kulikuwa na muhuri: ASIA PICHA, UJIJI.

Aliyempiga kofi alikuwa Skolastika, mjane wa nahodha.

"Umeuza maiti ya mume wangu!" Skolastika alipiga kelele, watu wawili wakimvuta nyuma. "Umekula kwangu, umelia na mimi, halafu umemuuza!"

"Kaeni chini!" Bi Frida, mwanasheria aliyekuwa mwenyekiti wa kamati, aligonga meza kwa kiganja. "Dada Asia. Picha hii ni yako?"

"Muhuri ni wangu," alisema Asia. "Picha si yangu."

Gervasi alicheka. Alikuwa amekaa kiti cha mbele, suti ya kijivu, kidevu kimenyolewa kikang'aa.

"Muhuri wake, picha si yake! Mwenyekiti, tunachezewa hapa. Huyu mama ameileta mwenyewe. Imesema kweli ambayo haikumpendeza, sasa anaikana."

Lakini Asia hakuwa ameileta mwenyewe. Siku zile alikuwa Kasulu kwenye kazi ya harusi, na picha aliileta mdogo wake, Jumanne, aliyekuwa akifanya kazi za kompyuta pale studio. Jumanne huyohuyo ndiye aliyekuwa amekaa nyuma ya projekta sasa hivi, ameinamisha kichwa.

"Jumanne," Asia aliita. "Fungua ile ya asili."

"Haipo, dada."

"Haipo vipi?"

"Kompyuta ilipata virusi."

"Na kadi ya kamera?"

"Niliifuta. Nilidhani kazi yake imekwisha."

Asia alimtazama. Shati la Jumanne lilikuwa limelowa jasho mgongoni, na ukumbi ulikuwa na feni tatu zinazozunguka.

Akajua.

Hasira ilimpanda hadi ikamziba masikio. Huyu ni mtoto aliyemfundisha kushika kamera. Alimlea tangu mama yao alipofariki. Alitaka kumrukia palepale, amkabe mbele ya watu. Lakini angefanya hivyo, Gervasi angetoka mlangoni akiwa msafi, na Eliakimu angebaki mlevi aliyeua watu.

Akaenda ukutani, akasimama chini ya picha.

"Mwenyekiti, naomba watu waache kuangalia boti," alisema. "Waangalie maji."

"Maji?" Gervasi aliguna.

"Maji. Mnajua ziwa letu asubuhi kabla upepo haujaamka. Linatulia mpaka ukiinama unajiona. Haya, oneni. Boti ni ya bluu. Bluu ipo majini? Ipo, hii hapa, imelala chini ya boti. Mama huyu ana gauni la njano. Njano ipo majini? Ipo. Kuna ndoo nyekundu ukingoni. Nyekundu ipo? Ipo."

Alikuwa akigonga ukuta kwa kidole kila anaposema.

"Sasa nionyesheni chungwa. Watu wote hawa wamevaa chungwa kuanzia mbele hadi nyuma. Nionyesheni majini tone moja tu la rangi ya chungwa."

Watu walinyoosha shingo.

Halafu mtu mmoja nyuma akasema, "Halipo!" na mwingine akaruka juu ya benchi ili aone vizuri. "Kweli halipo! Wallahi halipo!"

"Aliyewavisha watu maboya," alisema Asia, "alisahau kuyavisha maji."

Ukumbi ulilipuka. Bi Frida alivaa miwani, akainuka, akaja karibu na ukuta.

"Maji yanatikisika!" Gervasi alisimama. "Boti inaondoka, mashine inachapa, yanavurugika! Ndiyo maana hayaonekani!"

"Yanavuruga chungwa peke yake? Nyekundu yanaiacha?"

"Mimi si mtaalamu wa maji!"

"Basi tuache maji. Tazama boya la huyu mzee. Lina doa jeusi hapa begani, kama kidole gumba cha mtu mwenye grisi. La kijana huyu lina doa, bega lilelile. La huyu mama, doa. La huyu pia. Hawa hawakuvaa maboya mengi, Mwenyekiti. Ni boya moja, limekatwa likabandikwa kwa kila mtu."

"Niliyanunua duka moja!" alifoka Gervasi. "Maboya ya aina moja!"

"Na madoa mliyanunua duka hilohilo?"

Watu walicheka, kicheko kikali kisicho na furaha. Lakini Gervasi hakuwa tajiri kwa bahati. Alingoja kicheko kiishe, kisha akageuka akaukabili ukumbi, sauti yake ikashuka ikawa ya upole.

"Ndugu zangu wa Ujiji, mnamjua huyu. Nani hapa hajawahi kuona kazi za studio yake? Kijana hajafika chuo, anatoka pale na picha ya joho. Msichana anaingia na chunusi, anatoka uso kama yai. Kuna bwana harusi mmoja mzee wake alishafariki, lakini kwenye picha ya harusi mzee amesimama, anatabasamu! Nani alimfufua? Ni yeye Asia. Kama picha hii imechezewa, hapa kuna fundi mmoja tu wa kuchezea. Mkamateni yeye."

Kicheko kilikatika. Watu walianza kutazamana, kwa sababu yale yote yalikuwa kweli. Nusu ya ukumbi ule walikuwa na picha za namna hiyo sebuleni kwao.

"Ni kweli," alisema Asia.

"Amekiri!"

"Nimekiri, na sitaona haya. Yule bwana harusi alikuja mwenyewe, analia, akaniomba nimweke baba yake. Alijua baba amekufa. Mkewe alijua. Wageni wote walijua. Picha ile haikumdanganya mtu, ilimfariji mtu." Akaukazia ukumbi macho. "Joho sasa. Hilo la joho tulilifanya kwa mchezo, na kuanzia leo silifanyi tena, maana naona linakoishia. Lakini wewe, Gervasi! Wewe umewavisha maboya watu waliokufa kwa kukosa maboya! Umewavisha wakiwa wamekwisha kuzikwa! Ungewavisha wakiwa hai, tungekuwa hapa leo?"

Hakuna aliyepiga makofi. Palikuwa na mlio mwingine, mguno wa chini uliotoka vifuani mwa watu.

Ndipo akainuka Bi Mwamini.

Mama huyu wa Ujiji, mtu mzima, amejitanda khanga nyeusi, hakuwa amesema neno tangu vikao vianze. Binti yake Shadia alizama katika boti ile. Alikuja mbele polepole na watu wakampisha. Alisimama chini ya picha, akainua mkono, akamgusa mwanamke mmoja aliyekaa ubavuni mwa boti ameipa kamera mgongo nusu.

"Huyu mwanangu Shadia," alisema.

"Pole, bibi," alisema Bi Frida.

"Asante. Sasa nauliza. Huyu mtoto wake yuko wapi?"

Bi Frida aliisogelea picha.

"Alikuwa amembeba Yusra mgongoni. Mjukuu wangu. Hata kukaa hajajua. Kitenge nilikifunga mimi, kwa mikono hii. Nikamwambia, mwanangu, kaza, ziwani kuna baridi. Wakaondoka naye mgongoni." Alipapasa ukuta pale kwenye boya la chungwa lililokuwa limefunika mgongo wote wa Shadia, laini, bila mkunjo. "Hapa ndipo alipokuwa. Hapa. Sasa naona boya. Mtoto yuko wapi?"

Boya halivaliwi juu ya mtoto. Aliyeitengeneza picha aliliona hilo, akakata shauri. Akamfuta mtoto.

Bi Mwamini aligeuka akamtazama Gervasi. Hakupaza sauti.

"Umemuua mara moja ziwani. Hukutosheka. Ukaja kumtoa na kwenye picha, ili ionekane hakuwahi kuzaliwa."

Wasomaji wangu, hapo ukumbi ulisimama. Viti vilianguka. Kiatu cha mtu kilipaa kikapita karibu na kichwa cha Gervasi kikagonga ukuta. Askari wawili waliokuwa mlangoni walikimbia wakajipanga mbele yake, na Bi Frida akapiga kelele hadi sauti ikamkauka.

"Mapumziko! Nasema mapumziko! Dada Asia, njoo hapa." Walipokaribiana alimwambia kwa haraka, "Nimeona. Nimekuamini. Lakini wakili wake kesho atasema maji, madoa na maneno ya bibi mwenye uchungu. Niletee picha ya asili na leo hii namkabidhi polisi. Usipoileta, huyu bwana atalala nyumbani kwake."

Asia aligeuka. Alikwenda nyuma ya projekta, akamshika Jumanne ukosi, akamburuta hadi kibarazani upande wa nyuma, mahali panapoonekana bandari na ziwa lote hadi milima ya Kongo.

"Toa."

"Dada, nimekwambia..."

"Nitakuua, Jumanne. Naapa kwa kaburi la mama. Toa!"

Jumanne alianza kulia. Ni mwanamume mwenye ndevu, alilia kama mtoto aliyefungiwa nje.

"Aliniahidi studio yangu mwenyewe, pale Mwanga. Alisema ni kurekebisha kidogo tu, kama tunavyorekebisha siku zote. Alisema waliokufa wamekufa, boya haliwarudishi. Nikaanza na mmoja. Nikaona rahisi."

"Na Yusra? Ulipomfuta Yusra uliona rahisi?"

"Sikujua jina lake!"

"Mtoto anahitaji jina ndipo usimfute?"

Jumanne alijifunika uso. "Nilipomfuta niliacha kompyuta, nikatoka nje nikatapika. Kisha nikarudi nikamaliza. Dada, nikarudi nikamaliza!"

Asia alimwachia ukosi. Jumanne aliingiza mkono ndani ya soksi, akatoa flashi ndogo.

"Alinitaka nifute zote. Nilificha hii. Nakala ni hiyo tu, hakuna nyingine duniani."

Nyuma yao mtu alikohoa. Alikuwa Skolastika, macho mekundu, leso imejikunja mkononi.

"Nimekupiga bure," alisema.

"Hukunipiga bure. Muhuri ulikuwa wangu na sikuangalia ulikopigwa." Asia alikwisha kaa sakafuni, kompyuta yake ndogo aliyoitoa mkobani ipo mapajani. "Njoo tuone wote."

Picha ilifunguka.

Wote watatu waliinamia kioo. Boti ilikuwa ileile, maji yaleyale, lakini watu walikuwa watu. Vifua vitupu bila maboya. Shati la sikukuu, kanzu, gauni jipya. Mzee mmoja alikuwa akicheka. Na mgongoni mwa Shadia, ndani ya kitenge, kichwa kidogo chenye kofia ya sufu kilikuwa kimelala ubavu.

"Yusra," alinong'ona Asia. "Bibi yako anakungoja."

Alitaka kuifunga aipeleke ndani mbio. Mkono wa Skolastika ukamshika.

"Subiri. Mbona hii ni pana kuliko ile ya ukutani?"

Ilikuwa kweli. Upande wa kulia picha ya asili iliendelea. Kulikuwa na mchanga, mitumbwi iliyopinduliwa, watu waliobaki ufukweni. Kipande hicho kwenye picha ya ukutani hakikuwepo kabisa.

"Ulikata huku?" Asia alimuuliza mdogo wake.

"Yeye ndiye aliyetaka. Alisema sehemu hiyo ndiyo iondoke kwanza, hata kabla ya kuweka maboya. Sikujua kwa nini."

Asia alikivuta kipande kile kikakua. Siku ile, na bibi harusi na vigelegele, hakuwa ameutazama ule upande hata mara moja. Sasa aliona wanaume wawili wa miraba minne, wamemkamata mwanamume wa tatu mikono nyuma. Huyo wa tatu alikuwa pekupeku, shati limechanika kifuani, mdomo wazi, anaipigia kelele boti inayoondoka.

Alikuwa kama mtu anayeikataza isiende.

"Mana yanje! Mungu wangu!" Skolastika alipiga magoti. Aligusa kioo kwa kidole. "Shati hilo nililipiga pasi mimi. Asia, huyu ni Eliakimu. Huyu ni mume wangu!"

"Haiwezekani. Eliakimu alikuwa kwenye mashine."

Walirudi kwenye boti. Aliyeshika mashine alikuwa amejifunika kofia ya sweta hadi machoni. Manusura wachache, wote wageni wa boti ile, waliambiwa na Gervasi kwamba huyo ndiye Eliakimu, wakaamini. Na katika wote waliopotea siku ile, mwili mmoja tu haukupatikana, wa Eliakimu. Skolastika alimfanyia mumewe ibada kanisani bila jeneza.

"Hakupanda," alisema Skolastika polepole. "Alikataa kuiendesha. Wakamshika, boti ikaenda na mtu mwingine. Kama hakupanda, Asia, basi maji hayakumuua. Yuko wapi? Mume wangu yuko wapi?"

"Mama Nehemia."

Sauti hiyo ilitoka mlangoni. Gervasi alikuwa amesimama pale, peke yake, suti imenyooka vilevile. Alimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama jirani mwema.

Skolastika aliruka akamshika koti kwa mikono miwili. Gervasi hakumsukuma. Alimwinamia kama anayempa pole mjane, mdomo karibu na sikio lake, akamwambia maneno machache kwa Kiha. Asia hakuyasikia. Mimi nawapa nyinyi.

Alimwambia hivi: "Yu hai. Wanaomlinda wanangoja simu yangu. Picha hiyo ikionekana ukumbini, hatakuwa hai tena. Na ukinitaja mimi, vivyo hivyo."

Kisha akalinyoosha koti lake, akaingia ndani.

"Amekwambia nini?" Asia aliuliza. "Skola! Amekuambia nini?"

Skolastika alikuwa akitazama ziwa.

Ndani kengele ya kikao iligongwa. Asia alibeba kompyuta, akapita katikati ya watu. Bi Mwamini alikuwa bado amesimama chini ya ukuta, palepale, mkono wake pale mgongoni mwa binti yake. Hakuwa amekaa muda wote wa mapumziko.

"Umempata?" bibi aliuliza.

"Nimempata, bibi. Yupo. Amelala."

Machozi yalimshuka yule mama kwa mara ya kwanza. "Nionyeshe. Nimwone mara moja tu. Na hawa wote wamwone."

Asia alichomeka flashi. Jumanne aliiunganisha kompyuta na projekta. Bi Frida alinyooka kitini, kalamu mkononi, na askari wawili walikuwa tayari wamesogea hadi nyuma ya kiti cha Gervasi. Ilibaki kubonyeza tu.

Mkono wenye baridi ukamshika Asia kifundo cha mkono. Alikuwa Skolastika, uso umemkauka, midomo haina damu. Alikuwa amempita Bi Mwamini bila kumtazama. Akainama juu ya kompyuta, na akasema kwa sauti ambayo ukumbi wote uliisikia:

"Asia, nakuomba kwa Mungu. Hiyo picha, ifute."